Samaki Watumishi wa Umma

Hata jogoo alikuwa hajajisumbua niliposikia maharage yakigongana ndani ya sufuria. Hayakuwa yanapikwa. Yalikuwa yanatikiswa polepole, kama kwa mkono wa mtu anayeogopa kumwamsha mwingine, na huyo mwingine alikuwa mimi. Nikajua mjukuu wangu Kalunde ameshaamka, anaandaa somo la samaki.

Msomaji asishangae. Katika nchi yetu samaki hufundishwa kwa maharage, na sababu nitaieleza. Nchi yenyewe ina jina refu, na kila serikali inayoingia huongeza neno moja mbele na jingine nyuma, kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu, ili karatasi isiniishie. Ni nchi nzuri. Ina ziwa kubwa, na ziwa hilo lina wizara tatu. Maji ni ya Wizara ya Maji. Samaki ni wa Wizara ya Samaki. Watoto wanaokaa ukingoni wakitazama ni wa Wizara ya Elimu mpaka wamalize shule, na baada ya hapo si wa mtu yeyote.

Kalunde ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, Nyambeho. Nimemlea mimi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Akiamka mapema hutembea na viatu mkononi ili nisisikie, na mimi hujifanya sijasikia, ili juhudi zake zisipotee bure.

Mwaka ule serikali iligundua kwamba samaki wanapungua. Sisi tulikuwa tumeliona jambo hilo kwa muda mrefu, lakini sisi si serikali. Yenyewe iligundua siku balozi wa nchi moja alipoandaliwa samaki Ikulu. Alimtazama kwenye sahani, akauliza kwa adabu kama samaki mwenyewe anakuja baadaye. Kesho yake likatoka agizo kwamba kila shule ifundishe somo jipya, Wingi wa Samaki na Uvuvi Endelevu, na kwamba lifundishwe mara moja, kabla samaki hawajapungua zaidi.

Vitabu vilikuja kwa gari la mizigo. Jalada lilikuwa na nyangumi anayecheka, na ndani mlikuwa na sura nzima juu ya samaki wa kwenye barafu. Kalunde alikisoma kimoja mwanzo hadi mwisho, maana ni mtu wa kutoa nafasi, kisha akamwendea afisa elimu wetu, Bwana Mpuyu, akamuuliza sato, samaki wa ziwa letu, yuko ukurasa gani. Bwana Mpuyu ni mwanamume mwembamba, mwenye koti kubwa aliloshonewa enzi zake za kula vizuri. Alikipekua kitabu kwa woga, akasema sato anatarajiwa katika toleo la pili.

Basi Kalunde akaomba ruhusa ya kuwapeleka watoto ziwani, waone kwa macho. Wizara ya Elimu ilikubali, kwa kuwa watoto ni wake. Wizara ya Samaki ilikubali pia, ikasisitiza samaki wasitishwe. Wizara ya Maji ilikataa, kwa sababu haikuhusishwa tangu mwanzo. Mambo yalipanda, yakashuka, yakapotea kidogo mjini, hatimaye ukapatikana muafaka ambao magazeti yaliusifu sana. Watoto wangeruhusiwa kuwatazama samaki, mradi wasiyatazame maji.

Ndiyo sababu ya maharage.

Kalunde alikuwa akiijaza sufuria, anamwita mtoto achote konzi moja. Maharage ya konzi ile wanayapaka masizi, wanayarudisha, wanatikisa, kisha anachota mwingine. Akitoka na meusi mengi, mwalimu anauliza, "Sufuria ina maharage mengi au machache?" Watoto wanafikiri, wanasema machache, maana yale yale yanarudi mkononi. Yakitoka meupe matupu, basi ni mengi. Wataalamu huwahesabu samaki namna hiyo, alisema, kwa kuwa samaki hasimami mstarini. Nilipita dirishani siku ile kumpelekea kitambaa chake alichokisahau, na nilielewa palepale.

Lakini hakutaka wajue hesabu peke yake. Alitaka wajue habari ya Ghuba ya Mlezi.

Ghuba ile iko nyuma ya shule, kwenye matete, haina upana wa kutisha. Sato huingia humo kuzaa. Pwani yote iliyobaki imekwisha kukwanguliwa na makokoro, zile nyavu za kukokota zenye macho madogo ambazo hazimwachi hata mtoto wa jana. Samaki wachache tunaowapata bado, wote wametokea Mlezi. Ikivuliwa hiyo tukaimaliza, tutabaki na maji ya kuogea. Kalunde aliwafundisha watoto hivyo, watoto wakaenda kuwasumbua baba zao wakati wa kula, na akina baba, kwa kuchoka kusumbuliwa, wakaacha kuvua ghubani msimu wa kulea. Hakuna aliyewalazimisha. Sijaona jambo zuri kama hilo likifanywa kimya kimya namna ile.

Tuna desturi moja ambayo lazima niieleze. Hapa kwetu wavu ukifika ufukweni, mwanamume hagusi samaki mpaka wanawake wapite kwanza. Tunaingia majini mpaka magotini, tunamshika kila sato taya kwa kidole gumba. Sato jike hulea kinywani. Mayai humo, watoto humo, na siku zote hizo mama hali kitu. Tukimkuta kinywa kimejaa tunamrudisha, na anayemrudisha humwomba radhi kwa usumbufu. Wageni hucheka. Mimi nimewahi kusumbuliwa na watu wengi wakubwa na hakuna aliyeniomba radhi, kwa hiyo naiona ni desturi ya maana.

Sasa, Jumapili moja, siku ambayo wizara zote hulala, Kalunde aliwachukua watoto wake mpaka ghubani. Waliwakamata sato kwa nyavu za mkono, wakamkata kila mmoja ncha ndogo ya pezi la mkia, kama mtu anavyokata kucha, wakawaachia. Baada ya muda wakarudi kuchota tena. Somo likawa limekamilika, kwa samaki halisi, na watoto wakayatazama maji kinyume cha sheria.

Habari ilifika wizarani. Tulidhani watakuja na pingu. Badala yake walifurahi, na katika nchi yetu hilo ndilo la kuogopa zaidi.

Waziri wa wakati ule aliitwa Mheshimiwa Balozi Mhandisi Dakta Gwandumi, na cheo chake kilikuwa Waziri wa Samaki Waliopo na Watakaokuwepo. Alitangaza redioni kwamba yeye binafsi amebuni njia ya kuhesabu samaki kwa kuwakata mikia, na kwamba hilo sasa ni Zoezi la Kitaifa. Ukatoka waraka. Bwana Mpuyu aliusoma mbele ya wanafunzi wakiwa mstarini, jua likimchoma, na watoto wakaagizwa kuukariri, kwa sababu ungetoka kwenye mtihani. Ulisema kwamba samaki mwenye alama ni mtumishi wa umma. Kwamba akivuliwa arudishwe kazini bila kucheleweshwa. Kwamba atakayemla atahesabiwa amekula serikali, naye atafungwa.

Mama Kabula, jirani yangu anayekaanga samaki sokoni, alisema si haki. Serikali imekuwa ikitula sisi miaka yote na hakuna aliyefungwa. Tulimwomba anyamaze.

Wiki chache baadaye, nikiwa nachambua mchele, Bwana Mpuyu alikuja nyumbani kwangu. Alinisalimia shikamoo kwa heshima kamili, akakaa kwenye kigoda ukingoni kabisa, kama mtu anayeomba kigoda kisimwone. Nilimpa uji. Alikunywa wote, akaomba radhi kwa kuumaliza. Kalunde alipoingia kutoka shuleni, Bwana Mpuyu akasimama.

Alisema Mheshimiwa anakuja kuzindua Siku ya Samaki ya Taifa. Ataizindulia hapa Nyambeho, kwa kuwa ndipo alipobuni njia yake. Atavuta kokoro kwa mikono yake ndani ya Ghuba ya Mlezi, mabalozi wakiona, kisha atahutubia juu ya kuhifadhi samaki. Baada ya hotuba kutakuwa na chakula cha mchana.

"Chakula gani?" Kalunde aliuliza.

Bwana Mpuyu akaangalia bakuli lake tupu. "Samaki, mwalimu."

"Wa wapi?"

"Wa humo humo. Pwani nyingine hakuna wanaojaza sahani. Wageni ni wengi, na huyu balozi aliyepewa kadogo Ikulu anakuja pia. Mheshimiwa anataka aone."

Kalunde hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza darasani, kwamba huu ndio msimu wa kulea, kwamba kokoro likipita ghubani mara moja linaondoka na mama na watoto na mazalia yote, na kwamba kijiji kizima kimejinyima ili ghuba ile ipone. Akauliza kama Mheshimiwa hawezi kuvuta wavu mtupu kwa ajili ya picha. Bwana Mpuyu alisema wazo hilo lilishapelekwa na mtu mwingine, na mtu huyo sasa yuko likizo isiyo na mwisho.

"Kwa hiyo tutawamaliza samaki ili tufundishe watu wasiwamalize," Kalunde alisema.

"Wamesema ni kielelezo, mwalimu. Darasa kubwa huhitaji kielelezo kikubwa."

Alipoondoka, Kalunde alikaa chini sakafuni, akaegemea mlango. Mjukuu wangu huyu halii ovyo. Alisema tu kwamba ataandika tena mjini, na aliandika, wizara zote tatu. Elimu ilijibu kuwa suala la samaki si lake. Samaki ilijibu kuwa walimu si wake. Maji ilijibu kwa kumshukuru kwa kuendelea kuhifadhi maji, ikamtumia kalenda ya mwaka uliopita.

Mimi nilimpikia ugali na mlenda, nikamwambia ale. Sikuwa na jingine la kumwambia, na hilo lilinikera kuliko kalenda.

Kilichofuata kilianzia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kila mtu Nyambeho alikuwa na hasira, lakini hasira za foleni, ambazo huisha zamu yako ikifika. Ndipo Mama Kabula, akiwa na debe kichwani, akasema anashangaa sisi wanawake tunalia nini, ilhali samaki wale wanaweza kuajiriwa.

Tukamuuliza wanaajiriwaje.

"Waraka unasemaje?" alisema. "Mwenye mkia uliokatwa ni mtumishi wa umma, haliwi. Na ni nani anayewashika kabla ya mtu mwingine yeyote? Si sisi? Au siku hiyo Mheshimiwa ataingia majini kutushikia taya?"

Fundi wa mashine akaizima asikie vizuri. Bi Nzumbi, mshonaji, akasema yeye ana mikasi ya kutosha, ila irudi ikiwa imeoshwa. Nilimwambia Kalunde jioni ile. Aliniuliza kama tunajua tunaweza kufungwa. Nikamwambia nimekaa foleni za serikali maisha yangu yote, sioni gerezani kuna jipya gani.

Siku ilifika. Walikuja na magari mengi kiasi kwamba la kwanza lilifika ufukweni la mwisho likiwa bado linaaga mjini. Ghuba ilipambwa kwa vitambaa. Matete yalifyekwa upande mmoja ili mabalozi waone vizuri mahali ambapo samaki hujificha. Jikoni kulikuwa na masufuria makubwa, na mafuta yalikuwa tayari yanachemka, hivyo hotuba ya kuhifadhi ilianza ikiwa na harufu nzuri.

Mheshimiwa Gwandumi alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu la kudumu. Alihutubia kwa muda mrefu. Alisema taifa lisilo na samaki ni kama samaki asiye na taifa. Alisema ziwa hili tumeazima kutoka kwa wajukuu zetu, na akaahidi kuwa serikali itazungumza na wajukuu hao kuhusu masharti. Alisema wataalamu wa dunia nzima wamekuja kujifunza kwetu, akawaomba wasimame, akasimama mmoja aliyedhani ameitwa kwenda msalani. Mwishoni akaisifu desturi yetu ya kupima taya. Alisema ni mila adhimu, ni hekima ya mama zetu, na kwamba leo mabalozi wataishuhudia yote, bila kupunguza kitu.

Hapo msaidizi wake, bwana mmoja wa itifaki aliyevaa miwani ya jua, alishuka kwetu haraka. Akatunong'oneza kwamba tutapita tukiwagusa tu, kwa ajili ya picha. Hakuna kurudisha. Samaki wote, wenye kulea na wasiolea, wanapelekwa jikoni. Alisema hivyo huku akinishika bega kwa upole, na ninakiri alikuwa na mkono wa joto.

Kokoro likavutwa. Mheshimiwa alishika kamba mahali palipofungwa utepe, vijana wakavuta pengine pote. Wavu ulipokaribia, maji yalianza kuchemka kwa samaki. Sijawahi kuwaona wengi namna ile tangu ujana wangu. Kalunde alikuwa amesimama na watoto wake mstarini, mikono nyuma, na uso wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba nilitaka kumwendea. Badala yake niliinua khanga nikaingia majini na wenzangu.

Tulijipanga, tukainama. Mabalozi wakapiga picha za migongo yetu. Chini ya maji tulifanya kazi. Kidole gumba tayani, mkasi mkiani, chap. Bi Nzumbi alikata kama anayepunguza pindo la gauni. Mama Kabula alitumia wembe na alikuwa akiwapongeza kwa sauti ndogo, huyu ukarani, huyu utarishi, huyu mama anaonekana mkurugenzi. Wengi walikuwa na vinywa vilivyojaa. Niliwaomba radhi mara mbili mbili, kwa kusumbuliwa na kwa kuajiriwa.

Beseni la kwanza likapelekwa mbele ya Mheshimiwa. Alichagua sato mkubwa kuliko wote, akamwinua kwa mikono miwili, kamera zikasogea. Yule samaki mama, kwa kubanwa, akafungua kinywa. Watoto wake wakamwagika kwenye kiganja cha Waziri, wadogo kama nukta, wengi, wakirukaruka kutafuta maji.

Mheshimiwa alisahau kutabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wake wenyewe, nao ulikuwa uso wa mtu wa kawaida aliyeshtuka. Aliuliza, si kwenye kipaza sauti, "Hawa ni wa nani?"

"Ni wake, Mheshimiwa," Kalunde alisema. "Huwalea humo mdomoni. Wakiwa nje hukaa karibu, wakiona hatari wanarudi ndani."

Mheshimiwa alikitia kiganja ndani ya beseni polepole, akawasubiri watoke wote. Ninamshukuru kwa hilo, na nitaendelea kumshukuru, kwa sababu halikuwepo kwenye ratiba. Kisha bwana wa itifaki akakohoa kuelekea jikoni, na tabasamu likarudi mahali pake.

"Mpelekeni," Mheshimiwa alisema.

"Mheshimiwa," Kalunde akasema, "mkia wake una alama."

Waliutazama mkia. Wakamtoa samaki mwingine, naye alikuwa na alama. Wakamtoa wa tatu. Beseni la pili likaja, kisha wavu wote ukafunuliwa, na kila samaki aliyeonekana alikuwa mtumishi wa serikali. Kalunde aliwageukia watoto, akawaomba wamsaidie Mheshimiwa kukumbuka. Walikuwa wamesubiri mtihani ule kwa muda mrefu. Waliusoma waraka kwa kichwa, kwa sauti moja ya kuimba, na walipofika pale pa kula serikali na kufungwa, waliongeza sauti, kama walivyofundishwa. Mkalimani alikuwa akiwatafsiria mabalozi. Yule aliyepewa kadogo Ikulu aliandika jambo.

Bwana wa itifaki hakuwa mjinga. Alivua miwani, akaushika mkia wa samaki mmoja, akaona damu kidogo. "Mbona alama hii ni mbichi?" aliuliza, na akaanza kuja upande wetu, ambako mikasi ilikuwa bado mikononi na khanga zimelowa.

Bwana Mpuyu alikuwa amesimama kati yetu na yeye. Akafungua koti lake kubwa, kama mtu aliyesikia joto ghafla, likatanda kushoto na kulia, na nyuma yake sisi wote tukatoweka.

"Mkuu," alisema, "ni kwa sababu zoezi linaendelea."

Kulipinga Zoezi la Kitaifa mbele ya mabalozi ilikuwa ni kumpinga aliyelibuni. Mheshimiwa alilielewa hilo kabla ya wengine. Alikamata kipaza sauti, akatangaza kwa sauti ya ushindi kwamba asilimia mia moja ya samaki wa nchi yetu wamefikiwa na huduma za serikali, hatua ambayo hata wananchi hawajaifikia, na akaamuru watumishi wote warejee vituoni mwao. Wavu ukashushwa. Maji yakachafuka kidogo, kisha yakatulia, na ghuba ikawachukua.

Wageni walikula maharage. Yalikuwa yale ya somo, hayakuwepo mengine ya kutosha karibu, na baadhi yalikuwa bado na masizi. Balozi aliomba aongezewe.

Kama ningeishia hapa ningewapendeza wasomaji, lakini ningekuwa nawadanganya kuhusu nchi yetu.

Taarifa ya Zoezi ilitoka. Ilisema kwamba kwa kuwa kila samaki aliyevuliwa alikuwa na alama, samaki wote wa ziwa wameshahesabiwa, na kwa kuwa wameshahesabiwa, hakuna haja ya kuendelea kufundisha namna ya kuwahesabu. Somo likafutwa. Vitabu vya nyangumi vilibaki, vikawa vya kusomea lugha. Kwenye ghuba pakasimikwa bango kubwa linalosema eneo hili limehifadhiwa kwa juhudi binafsi za Mheshimiwa. Jina la Kalunde halimo. La watoto halimo pia. Nililizunguka nyuma nikatazama, labda wameandika huko. Walikuwa wametangaza sabuni.

Kalunde alipandishwa cheo. Ndivyo barua ilivyosema. Alipelekwa Kavumbi, nyanda za juu, safari ya kuchosha hata ukiisikia tu, mahali ambapo mvua ni habari za redioni. Bwana Mpuyu naye alipandishwa, akawa Afisa Samaki wa huko huko. Kavumbi haina ziwa, mto wala bwawa. Kila Ijumaa anatakiwa kuripoti kwamba samaki hawapo, na akichelewa anaulizwa wamekwenda wapi.

Nilikwenda mjini kuomba mjukuu wangu arudishwe. Dirisha la kwanza lilinipeleka la pili, la pili likanipeleka la tatu, na la tatu lilikuwa ukuta uliochorwa dirisha. Mlinzi alinionea huruma, akanipa nusu ya muhogo wake. Sikupata kingine mjini.

Basi msimu wa kulea ulipopita nikapanda lori la magunia, nikaenda Kavumbi mwenyewe. Nilimkuta Kalunde amekonda, midomo imepasuka kwa upepo. Bwana Mpuyu alikuwa amempa chumba chenye kivuli, yeye akachukua kile cha jua. Wote wawili walinipokea kama waliotoka kifungoni, na pengine ilikuwa hivyo.

Nilikuwa nimembebea sato mmoja wa kubanikwa, nimemfunga kwa majani. Kalunde alimfungua, akamnusa, macho yakamlainika. Kisha, kabla ya kumega, akamgeuza, akamtazama mkia.

"Ametoka wapi, bibi?"

"Upande wa pili, kwa wenye leseni. Si Mlezi. Hukuniamini?"

"Nakuamini. Nimetazama tu."

Tulikula na Bwana Mpuyu, ambaye alimaliza kichwa chote na kuomba radhi. Nikawapa habari. Kwamba waraka haujafutwa, kwa sababu hakuna wizara inayokubali kuwa ndiyo iliyouandika. Kwamba wanaume wa makokoro walikuja wakitokea ng'ambo, wakavuta mara moja, wakakuta watumishi watupu, wakakimbia wakiacha na wavu. Kwamba mwalimu mpya hafundishi samaki, lakini watoto wakubwa wanawaonyesha wadogo, Jumapili, wizara zikiwa zimelala. Kwamba nimeingia majini juzi na nimewaona vijana wa samaki, wa kiganja, makundi kwa makundi, na nikachanganyikiwa nianze kumwajiri yupi.

Kalunde aliomba nirudie ile ya vijana wa samaki, nikairudia. Akauliza wako upande wa matete yaliyobaki au ule uliofyekwa. Nikamwambia pande zote mbili, na matete yenyewe yanaota. Bwana Mpuyu alitoka nje kidogo, akarudi akifuta macho, akasema Kavumbi kuna vumbi sana.

Lori lilipiga honi asubuhi. Kalunde alinibebea mfuko, akanitafutia mahali laini juu ya magunia, akaukunja mtandio wake akaniwekea mgongoni, ingawa huko kuna baridi na hana mwingine. Nilimwambia nitakwenda tena mjini. Alitikisa kichwa, akashika ubao wa lori kana kwamba angeweza kulizuia.

"Usihangaike na mjini, bibi. Njoo tena wewe. Na ukija, usituletee samaki. Tuletee habari zao."